Simu ya Tatu

Rafiki yangu, aliyefiwa na mama mwaka jana, alipatwa na haya mchana kweupe. Kaka yake alileta ruta mpya ya Wi-Fi, ya michezo ya kompyuta, antena nane kama miguu ya buibui, wakafunga mapazia wafurahie taa zake.

"Nenosiri tunalijua wawili tu," kaka alijigamba.

Lakini orodha ya ruta, kwenye simu ya kaka, ilionyesha simu tatu zimeunganishwa. Ya tatu ilikuwa ya mama, ile iliyohifadhi sauti yake, iliyopotea msibani.

"Haikupotea, dadangu," kaka akanong'ona. "Niliiuza ninunue hii. Fundi aliivunja apate spea, mbele ya macho yangu."

"Na mimi niliitafuta hadi jalalani, ukiniangalia!"

 Gizani, ndani ya kabati tupu la mama, kitu kikatetema juu ya ubao, kikanyamaza, kikatetema tena.