Uzi Mweusi Juu ya Mkebe

Kacha. Dadu ziligongana.

Ilikuwa sauti ndogo tu, lakini Fimbo aliisikia akiwa bado amefumba macho. Nje kulikuwa na giza. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi, ameubana mfuko wa shati ili dadu zinyamaze.

"Unakwenda wapi?"

"Lala, mke wangu. Nawahi kazini."

"Na dadu?"

Akaubana mfuko zaidi.

"Zilibaki mfukoni."

Akarudi kitandani, akamfunika miguu vizuri, maana alijua hupata baridi upesi. Kisha akatoka. Kitasa hakikulia hata kidogo. Mume wake alikuwa fundi vitasa, na hicho alikuwa amekitia mafuta.

Mchana Fimbo alipitia duka la dawa. Mfamasia alikuwa shoga yake tangu shule.

"Shoga, mume wangu anatoka alfajiri kila wiki."

"Anajipulizia manukato?"

"Hapana. Anabeba dadu."

Mfamasia akaweka chini chupa ya dawa ya kikohozi.

"Dadu! Afadhali basi hayo manukato."

Tuseme ukweli, mtu mwingine angecheka. Lakini Fimbo, mumewe na rafiki zao walikuwa na mchezo wao wa mezani kila Jumamosi. Fundi ndiye aliyekuwa Mwenye Pango. Alitunga pango lenye mitego na mafumbo, akalisimulia chumba kwa chumba, na wenzake wakasema wanafanya nini humo. Dadu ndizo zilizoamua nani apone na nani atumbukie shimoni. Mkewe hakukanyaga jiwe lolote la pango kabla ya kuligonga kwa fimbo, ndiyo maana wakamwita Fimbo. Na huko mezani ndiko walikopendana.

"Ana meza nyingine," Fimbo alisema, machozi yakimlenga. "Anamsimulia mtu mwingine mapango yangu."

"Kamuulize mama yako, watu wazima wana dawa zao."

"Mama? Yule aliyesema nimeolewa na mtoto anayecheza? Siku ile nilimwambia asikanyage kwangu, na hajakanyaga. Niache."

Jioni hiyo simu ya mumewe iliwaka jikoni. Namba haikuwa na jina. Ujumbe ulisema: "Usimwambie mkeo. Njoo kesho mapema, chai nitaweka."

Fimbo alishika meza. Kisha akafanya kama afanyavyo pangoni. Akachukua uzi mweusi, akaufunga kwenye misumari miwili ya mlango, chini kabisa. Ujanja huo aliujua tangu utotoni, yeye na ndugu zake walipokuwa wakitegewa uzi kwenye mkebe wa sukari ili wasiibe.

Kulipokucha uzi ulikuwa umekatika, na upande wa pili wa kitanda ulikuwa baridi.

Akafungasha begi lake, akalisukuma uvunguni. Jumamosi angemuuliza mbele ya mashahidi, kisha aondoke.

Jumamosi ikafika. Mezani alikuwepo mfamasia, na jirani yao kinyozi, mtu wa pupa aliyekuwa amekufa katika kila pango walilowahi kuingia. Fundi alimwekea mkewe mto mgongoni kama kawaida. Fimbo akautoa. Fundi akauona mkono ule. Akaanza kusimulia.

"Mmefika chumba cha mwisho. Kuna mkebe juu ya meza ya jiwe. Ukutani kuna uso wa jiwe. Uso huo hujibu swali moja tu, na hauwezi kusema uongo."

"Hata kidogo?" Fimbo aliuliza.

"Hata kidogo. Ndiyo sheria ya pango langu."

Mfamasia akamkanyaga mguu chini ya meza. Fimbo akavuta pumzi.

"Mimi nafungua mkebe!" kinyozi akadakia.

"Wewe utakufa tena," mfamasia alisema.

"Si nimezoea?"

"Ngoja!" Fimbo alisema kwa mazoea. "Nautazama kwanza. Juu ya kifuniko kuna nini?"

"Uzi," Fundi alijibu. "Mweusi, mwembamba. Ukikatika, mwenye mkebe atajua."

Fimbo alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Unanicheka! Uliuona uzi wangu mlangoni, sasa unanitania mbele za watu!"

"Uzi gani?"

"Niliokutegea!"

"Umenitegea mimi?" Sauti ya Fundi ilishuka. "Mimi, mke wangu?"

Kinyozi akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

Fimbo alimtazama mumewe usoni. Hakuona hila. Aliona mtu aliyeumia. Kumbe aliukata uzi gizani bila kujua. Basi huu wa mkebe ulitoka wapi?

Akaketi polepole.

"Ncha za uzi zimefungwa wapi?"

"Hazikufungwa. Zimebandikwa kwa nta."

"Nta ya mshumaa?"

"Ya mshumaa."

Fimbo akaukumbuka mkebe wa sukari. Yeye alitumia misumari. Maishani mwake alimjua mtu mmoja tu aliyebandika uzi kwa nta.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Nimeahidi nisikuambie."

"Sikuulizi wewe. Naliuliza jiwe."

Fundi alizungusha dadu kiganjani, akaziweka chini. Mwenye Pango hakuwahi kuvunja sheria yake.

"Jiwe linasema," alijibu kwa upole, "ni mama yako."

Kisha Fundi akaendelea.

"Kitasa chake kiligoma. Aliita fundi bila kujua fundi ni mimi. Nilipomaliza akaniuliza kwa aibu kama bado nacheza. Nikamwonyesha dadu na mitego yangu. Mitego lazima ijaribiwe na mtu asiye wa meza hii, na yeye huamka mapema kuliko jogoo, ndiyo maana nilikwenda alfajiri. Akaukamata kila mtego! Huu wa uzi ni wake. Alinisihi nisikuambie. Alisema, 'Akija, aje kwa moyo wake, asije kwa kuitwa.'"

"Nimefungasha begi," Fimbo alisema, akilia. "Liko uvunguni."

"Nililiona nilipofagia."

"Na hukusema kitu?"

"Nilitia soksi zako nzito. Nilijua umezisahau."

Mfamasia akapangusa macho kwa ncha ya mkono wa gauni. "Shemeji, nisamehe. Nilishakuhukumu."

"Nawe Fimbo, unangoja nini?" kinyozi alisema. "Nenda! Mkebe nitaulinda, sitaugusa."

Fundi alimsindikiza mkewe mpaka barabarani, akampa mkono.

"Nije nawe?"

"Hapana. Akituona wawili atadhani umenileta."

Mlango wa mama yake ulikuwa na kitasa kipya kinachong'aa. Fimbo alinyoosha mkono agonge, kisha akaushusha. Akausukuma mlango tu, akaingia.

Mama yake alikuwa amekaa peke yake, mbele yake kikombe cha chai. Alipomwona binti yake akakisogeza kando.

"Amekuambia?"

"Nimekujua kwa nta, mama."

Mama akafunika mdomo kwa kiganja, akacheka na kulia pamoja.

"Nilisema mume wako ni mtoto, mwanangu. Nilikosea. Kila akija hunichotea maji kabla ya kukaa, na hajawahi kunikumbusha maneno yangu."

"Na mimi nilikufukuza kwangu."

"Ndiyo. Yaliniuma. Kaa, chai bado ya moto."

Walikaa mpaka jua likaanza kushuka. Walisema machache, na mara nyingine walishikana mikono tu. Fimbo alipoaga, mama alimfuata hadi kizingitini, akamtengeneza kola kama wakati ule wa kwenda shule.

"Utakuja tena, mwanangu? Njoo hata kama ni kuniibia sukari. Uzi nitautoa."