Tarakimu Tano za Libérate

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kati ya meza na kitanda, mkono wa kulia umenyooshwa kuelekea kwenye simu. Simu ilikuwa inawaka. Waya mweupe wa kuchajia ulitoka kwenye simu hiyo, ukapita juu ya sakafu ya saruji, ukaishia patupu. Ncha yake ya pili haikuchomekwa popote.

Inspekta Olive alichuchumaa, akautazama ule waya kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama damu.

Marehemu aliitwa Bruno, umri miaka thelathini na mmoja, muuza mchele wa Sange katika soko la Uvira. Alipigwa nyuma ya kichwa mara moja. Mlango haukuvunjwa. Pesa za mauzo ya jana zilikuwa bado ndani ya soksi chini ya mto.

"Nani amemkuta?" Olive aliuliza.

"Huyu mama," alijibu Frédéric, askari msaidizi wake.

Consolée, jirani wa parseli ileile, yaani ua mmoja na Bruno, alikuwa amesimama mlangoni, kanga yake imelowa maji ya kufulia.

"Shefu, minye nilienda kufua ku ziwa asubui na mapema. Nikarudi saa ine. Nikaita, 'Bruno, njoo ukamate nguo zako.' Kimya. Nikasukuma mulango..."

"Ulimwona mara ya mwisho lini?"

"Jana magaribi. Alikuwa na wasiwasi. Bibi yake Mapendo alienda kwa mama yake kule Sange kuzaa, na simu ya Bruno ilikuwa imezimika. Aliniomba nimuchajie. Nikamuambia, weye Bruno, nitachaja na nini? Kuran ya umeme haiko, leo siku ya tatu."

Olive aliiokota simu kwa leso. Asilimia kumi na tisa. Jana jioni ilikuwa imekufa, umeme hakuna mtaa mzima, na leo ina chaji.

"Humu ndani ya parseli nani ana pawabenki?"

"Ya kuchajia simu? Iko moja tu. Ya kaka yake mukubwa, Hyacinthe. Kubwa hivi, kama Biblia. Lakini ile haazimi muntu. Hata ukilia."

Frédéric alimvuta inspekta pembeni. "Mwizi huyu, shefu. Kachukua pawabenki, akakimbia."

"Mwizi gani anaacha simu na pesa, anabeba kilichokuwa kinaichaji simu?"

Frédéric alikuna shingo.

Hyacinthe alifika muda mfupi baadaye kwa pikipiki, akiwa ameitwa kutoka kwenye karakana yake ya useremala kule Kalundu. Mwanamume mrefu wa miaka hamsini na kitu, unga wa mbao kwenye nyusi. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya beseni lililogeuzwa uani, akaweka mikono juu ya magoti kama mtu anayengoja kuitwa jina.

"Pole sana, baba," alisema Olive.

"Asante."

"Leo ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Ukarudi hapa kabla ya sasa?"

"Hapana."

"Kuna kitu kimeibiwa?"

"Hapana. Hakuna kitu."

Olive alitazama milango ya vyumba viwili. Tangu ashuke kwenye pikipiki, mtu huyu hakuingia chumba cha mdogo wake. Na chumba chake mwenyewe, mkabala, kilikuwa bado na kufuli.

Alitaka kuuliza swali jingine, lakini ile simu ikalia mkononi mwake. Kwenye kioo: Mama Mukwe.

Olive aliipokea, na sauti ikasikika uani kote.

"Bruno! Tangu asubui minye niko napiga, hushike! Mapendo amezaa, saa mbili na nusu. Mutoto mwanamuke. Wote bazima. Bruno? Unalia? Usilie, baba, shukuru Mungu."

Olive alikuwa amefanya kazi ya polisi miaka kumi na saba. Alikuwa amebisha milango mingi kupeleka habari za aina hii. Safari hii mlango ulikuwa umejifungua wenyewe, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa anacheka.

"Mama," alisema, "huyu si Bruno. Kaa chini kwanza."

Alipokata simu, alimkuta Hyacinthe amesimama. Kisha akakaa tena, taratibu, kama mzigo unaoteremshwa na watu wawili.

"Kumbe ndiyo sababu," alinong'ona.

"Sababu ya nini, baba?"

"Hapana. Hakuna."

Mchana, daktari wa hospitali aliyeichunguza maiti alitoa ripoti fupi. Pigo moja. Silaha butu, ya mviringo, tena si ya chuma, maana ngozi ilipondeka zaidi kuliko kuchanika. Alikiinua kichupa mbele ya dirisha. Ndani yake mlikuwa na kibanzi chembamba cha mti mwekundu.

"Nimekitoa kwenye jeraha," alisema. "Muda wa kifo ni kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Na inspekta, alipigwa akiwa ameinama. Hakuiona hatari yoyote. Mtu hampi mgongo adui yake."

Frédéric naye alirudi kutoka kwenye kituo cha pikipiki na kijana mmoja mwenye koti la njano.

"Sema ulichoniambia," alimhimiza.

"Minye ndiye ninamubeba ule baba seremala kila siku," alisema dereva. "Leo nilimupeleka Kalundu asubui. Halafu akasema amesahau meta yake ya kupimia mbao, turudi. Nikamushusha ku parseli saa mbili na kidogo. Nikangoja. Dakika kumi, labda kumi na tano."

"Alitoka na meta?"

"Sikuona meta. Alikuwa amekumbatia kitu ndani ya koti, hivi, kama muntu anabeba kifaranga. Njia yote hakusema neno. Kufika Kalundu akasahau hata kunilipa, na ule baba hasahaugi."

Karakana ilikuwa banda la mabati karibu na bandari. Hyacinthe alikuwa ameachwa nyumbani na askari, pamoja na waombolezaji walioanza kufika. Olive aliingia na Frédéric tu.

Zana zilikuwa zimepangwa ukutani kwa ukubwa: misumeno, randa, patasi, zote na vumbi lake la kazi. Nyundo moja ya mbao nyekundu ilikuwa inang'aa. Olive aliigusa. Ilikuwa na unyevu bado, na ukingo wake ulikuwa umemeguka kidogo.

"Frédéric, umewahi kuona seremala anaosha nyundo ya mbao kwa maji?"

"Mbao inakunywa maji, shefu. Inapasuka."

"Ifunge vizuri. Iende kwa daktari pamoja na kile kibanzi."

Kisha akaiona. Juu ya benchi ya kazi, pawabenki nyeusi, taa zake ndogo mbili zikiwa bado zinawaka. Waya mfupi ulitoka humo ukaingia kwenye simu ndogo ya vibonye, iliyofungwa raba kiunoni ili kifuniko kisidondoke. Kioo chake kidogo kilikuwa na maneno mawili tu, ya kudai namba ya siri: Ingiza kodi.

Kando yake kulikuwa na ubao uliopigwa randa upya, na ubao huo ulikuwa umejaa maandishi ya penseli. Tarakimu tanotano, mstari chini ya mstari. Kila moja ilikuwa imekatwa. Za mwanzo ziliandikwa kwa mkono uliotulia. Za mwisho zilikuwa zimekandamizwa mpaka penseli ikachimba mbao.

Olive alisoma mstari mmoja, kisha wa pili. Zilikuwa tarehe zilizofupishwa, kila moja na neno pembeni. Siku za kuzaliwa, siku za harusi, siku za vifo.

Alasiri, ofisini, aliiweka ile simu ndogo mezani kati yake na Hyacinthe. Pawabenki aliiacha imeunganishwa.

"Nyundo tumeipata," alisema. "Dereva amesema. Lakini minye sikuanzii huko, baba. Nianzie hapa. Hii simu ya nani?"

Hyacinthe alinyoosha kidole, akaushikilia waya usitikisike.

"Ya Libérate," alisema Hyacinthe. "Bibi yangu. Alikufa, sasa miezi minane."

"Iko na nini ndani?"

"Sauti yake."

Aliitazama simu, siyo inspekta, akaendelea.

"Alilala hopitali wiki tisa. Minye nilikuwa Sange, nafanya milango ya shule, natafuta za dawa. Unite za kupiga hakuwa nazo kila siku. Basi akajirekodi humo. Kila asubui kidogo. Alisema, nitasikiliza vyote nikirudi. Nikarudi, nikakuta wamemufunika shuka. Wakanipa simu ikiwa inawaka."

"Na kodi?"

"Hakuniambia. Nani angeuliza? Hii simu inauliza kodi wakati wa kuiwasha tu. Ikikaa inawaka, haiulizi kitu. Lakini betri yake imekwisha. Ukitoa waya, dakika kumi imekufa. Na tundu limelegea, ukitikisa waya moto haupiti. Ndiyo nikanunua hii pawabenki. Kuran ikiwepo, navichaja vyote. Kuran ikienda, pawabenki inaishika. Miezi minane, Mama Inspekta. Haijazimika hata siku moja. Kila jioni naingia ndani, nafunga mulango, namusikiliza."

"Bruno alijua?"

"Hapana." Sauti yake ilipasuka. "Hakuna muntu alijua. Nilikuwa na haya. Mwanaume muzima anafungia mulango, anasikiliza marehemu. Watu wangesema nimerogwa."

Olive alimsogezea kikombe cha maji.

"Asubui nilisahau meta. Nikarudi. Nikakuta mulango wangu wazi. Bruno anajua mahali naweka ufunguo, minye nilimulea, atakosa kujua? Meza ilikuwa tupu. Simu iko pale peke yake, nyeusi. Nikaibonyeza. Ikawaka kidogo kwa nguvu ya mwisho, ikauliza kodi, ikafa. Nikaenda chumba chake. Alikuwa ameinama juu ya pawabenki, anachaja simu yake. Akasikia miguu yangu, hakugeuka hata. Akasema, 'Yaya, mukubwa wangu, nisamehe, dakika kumi tu, narudisha.' Dakika kumi tu."

"Na nyundo?"

"Ilikuwa ku mukanda, mahali inakaa siku zote." Alifumba macho. "Mama, minye sikuona Bruno pale. Niliona muntu amemuzika Libérate mara ya pili. Nilipomuona Bruno, alikuwa amelala chini."

"Hukumwita mtu."

"Nilimushika. Hakuwa anapumua. Nikachomoa pawabenki, nikaenda. Nilifikiri, nikipata kodi, kama sauti iko, basi..." Alitikisa kichwa. "Sijui nilifikiri nini. Nikaandika siku zote ninazozijua. Siku ya ndoa. Siku tulizika mutoto wetu. Siku alifika kwetu akiwa bibi arusi. Hapana hata moja."

Olive alitaka kuandika, kalamu ikasimama. Katika simu yake mwenyewe mlikuwa na namba ya marehemu mama yake, iliyokwisha kukatwa miaka mitatu, na hakuwahi kuifuta.

"Alikuwa anasema nini humo ndani?"

Hyacinthe alijibu bila kusita, kama mtu anayesoma. "'Hyacinthe, umekula? Usifanye kazi na njaa.' Ya pili: 'Leo nimekunywa uji, nusu kikombe.' Ya tatu: 'Huyu mugonjwa wa kando anakoroma kama pikipiki.' Zote ninazo kichwani, arobaini na moja. Maneno ninayo. Sauti ndiyo siwezi kuitoa." Kisha akasema, chini kabisa: "Moja ilikuwa ya Bruno. Alikuja kwetu na miaka sita, Libérate akamubeba ku mugongo kama mutoto wake. Alimuambia, 'Bruno, ukipata mutoto, usimuchape kama yaya wako alivyokuchapa.' Anacheka anaposema. Sikumusikilizisha. Nilisema, siku moja. Nikaifanya yangu peke yangu."

Alitia sahihi maelezo yake bila kuyasoma.

Olive aliipeleka ile simu kwa fundi mmoja sokoni, kinyume cha utaratibu wa vielelezo. Fundi aliigeuza mara mbili. Kuifungua inawezekana, alisema, lakini lazima kufuta vyote vilivyomo. Olive alishukuru, akairudisha kabatini.

Siku ya Ijumaa gari la kumpeleka Hyacinthe kwa mwendesha mashtaka lilikuwa limeshawashwa uani. Ndipo Mapendo alipofika na mama yake. Alikuwa anatembea taratibu kama mzazi wa siku nne, mtoto kifuani ndani ya kitenge kipya. Jana yake walikuwa wamemzika Bruno.

"Shefu, niongee na shemeji yangu," aliomba.

Olive aliruhusu. Hyacinthe alipomwona, alipiga magoti kwenye changarawe, pingu mikononi.

"Wamenielezea," alisema Mapendo. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Sikuja kukutukana. Nimekuja kukuambia kitu kimoja. Weye sauti ya Libérate umekaa nayo miezi minane. Minye ya Bruno sina hata moja. Alinipigia kila asubui, shemeji. Nani anarekodi sauti ya muntu anayemupigia kila asubui?"

Hyacinthe aliinamisha uso.

Mtoto akaanza kulia. Mapendo alitazama huku na huku, akaketi kwenye ngazi ya ofisi, hatua chache tu kutoka kwake, akamtoa kwenye kitenge na kumpa titi.

Dereva wa gari alimtazama inspekta. Olive akampa ishara, naye akazima injini. Hyacinthe alibaki pale magotini, uso chini, mpaka mtoto aliposhiba.