Sura ya Saba

Walikutana Jinja, kwenye duka la fotokopi lililojaa foleni hadi barazani. Nulu, kajifunga gurbaba ya njano, ile shuka ya wanawake wa Kinubi, alisikia mtu nyuma yake akisoma kwa sauti kurasa za riwaya ambayo Nulu alikuwa akiiandika.

"We bwana, umeulizwa?"

"Samahani, dada. Lakini huyu mwanamke darajani, karuka au hakuruka?"

Basi, Nulu kwisha kazi! Bwana huyo, Jibril, mwalimu wa Mbale, akawa mpenzi wa simu kila jioni. Na kwa kuwa ndiye mwenye kompyuta, akawa ndiye anayeutuma mswada wa Nulu kwa mawakala, wale wanaowatafutia waandishi wachapishaji. Kumi na mmoja walikataa au walinyamaza tu.

"Usijali, malaika. Wa kumi na mbili hachomoki."

Ijumaa asubuhi huyo wa kumi na mbili akampigia Nulu mwenyewe kutoka Nairobi. "Wiki jana niliomba mswada mzima, nikajibiwa haujakamilika. Kweli? Leo saa kumi na moja jioni nafunga orodha ya waandishi wapya."

Miaka sita ya kuandika! Nulu alifika kwa Jibril, mtaa wa Namakwekwe huko Mbale, saa tisa.

"Kwa nini, Jibril? Wivu?"

Jibril akamfungulia kompyuta. "Sura ya saba. Afande anampiga mkewe, mtoto kajificha chini ya meza. Nilikueleza hayo ya baba na mama kwenye simu nikilia, Nulu. Kumbe wewe ulikuwa unaandika."

"Ungeniambia!"

"Ungeniuliza!"

Nulu aliona aibu. Na ndiyo sura bora kuliko zote, wallahi.

"Mama yako yuko kwake Nkoma? Twende tukamuulize. Akikataa, naifuta."

Boda boda ikawafikisha saa kumi na nusu. Nulu akapiga magoti, akaisoma sura kwenye kompyuta waliyokuja nayo. Bi Hadijah, mama yake Jibril, alikuwa akichambua njugu. Katikati ya sura mikono ikasimama. Saa kumi na moja kasoro dakika tisa.

"Si mkono wa kulia," alisema mwishowe. "Baba yake alikuwa mtu wa mashoto. Rekebisha, kisha upeleke."

Jibril alirekebisha mwenyewe, machozi yakimdondoka, halafu akamsogezea Nulu kompyuta. "Tuma wewe, mpenzi."

"Nisamehe. Sitaandika lako tena bila kukuuliza."

"Tuma kwanza, muda unaisha!"

Akatuma. Bi Hadijah akarudia njugu zake.

"Haya, nisomee ya nane. Huyo mama anaondoka au haondoki?"