Msusi na Binti Aliyeondoka na Nywele Nusu

Saluni ya Redio ilikuwa chumba kimoja tu. Ilikuwa na viti vitatu, vioo viwili na benchi refu la wanaosubiri. Redio si jina ambalo msusi, mwenye saluni hiyo, alipewa na wazazi wake. Alipewa na wateja. Mikono yake ikianza kusuka, mdomo nao unaanza, na vyote viwili havikomi mpaka kichwa kiishe. Ukikaa kwenye kiti chake, utasema ulivyolala, ulichokula, na kwa nini mpaka leo hujaolewa. Wala hukasiriki! Wanawake walikuja kwa sababu ya mikono yake, wakarudi kwa sababu ya maneno yake.

Mmoja wa wateja hao alikuwa mratibu wa kituo cha vijana. Siku moja, akiwa anasukwa, alisema, "Dada, mjini hapa wamefika vijana wengi waliokimbia vita. Hawajui mtu. Tunatafuta walezi wa kujitolea. Ni saa mbili tu kwa wiki. Unamtembelea kijana mmoja, unamwonyesha mji, unamsaidia mambo ya shule."

"Kuna mshahara?"

"Hakuna."

"Chai je?"

"Chai ipo."

"Basi niandike!" alisema Redio, na saluni nzima ikacheka.

Mume wake, fundi bomba, aliposikia alitikisa kichwa. "Mke wangu, kwa mdomo huo? Huyo mtoto atakimbia mara ya pili."

"Nenda zako na mabomba yako," Redio alimjibu.

Siku ya mafunzo Redio alikaa nyuma kabisa. Jirani yake kwenye benchi alikuwa na mba. Mratibu alipofika kwenye maswali ambayo mlezi hapaswi kumuuliza kijana, Redio alikuwa anamweleza jirani dawa ya mba.

Wiki ile ile alipewa binti wa miaka kumi na sita. Binti aliishi na shangazi yake katika vyumba viwili nyuma ya duka la dobi. Shangazi alifanya kazi kiwanda cha nguo, asubuhi mpaka jioni.

"Baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, ana mtihani wa kupangiwa darasa," mratibu alimwambia Redio. "Amekwishapoteza miaka miwili. Akikosa huu, atangoja mwaka mwingine mzima. Na mwenyewe anataka shule, si mchezo. Shangazi hapati ruhusa kazini. Wewe ndiye utakayempeleka."

Alhamisi saa kumi jioni walikutana mara ya kwanza. Redio alisema maneno elfu moja. Binti alisema matatu: ndiyo, hapana, asante.

"Ana aibu tu," Redio aliwaza. "Nitamsuka. Akijiona mrembo, atachangamka." Akamwambia, "Njoo saluni Jumamosi, mwanangu. Nitakusuka bure."

Binti alitabasamu kwa mara ya kwanza. Jumamosi alikuja, tena mapema.

Saluni ilijaa. Kwenye benchi kulikuwa na wanawake sita. Redio alianza upande wa kulia, mistari midogo midogo, safi. Mikono ikakolea. Mdomo nao, kama kawaida yake, ukafuata.

"Jamani, huyu ndiye yule binti niliyewaambia! Amekimbia vita huyu, kwa miguu! Hebu wasimulie, mwanangu. Mlitembea siku ngapi? Na baba yako, ilikuwaje?"

Kwenye benchi shingo zikarefuka.

"Maskini!" alisema mmoja. "Mama je, yuko hai?"

Binti alitazama kwenye kioo. Alijiona yeye, na nyuma yake macho ya watu sita. Alivua taulo mabegani. Akalikunja mara nne, akaliweka kwenye kiti. "Asante," alisema, akatoka. Upande wa kulia ulikuwa umesukwa. Upande wa kushoto nywele zilikuwa wazi, zimesimama.

Redio alibaki na chanuo mkononi. "Lo! Nimemfanya nini mtoto wa watu?"

Jioni ile mume wake aliona uso wake. Hakufanya mzaha hata kidogo. Alimwandalia chakula, akakaa naye.

Jumatatu, baada ya saa za kiwanda, Redio alikwenda nyuma ya duka la dobi. Shangazi alitoka, akasimama mlangoni.

"Hataki kukuona, mama," alisema. "Hata mtihani anasema hataki tena. Anasema huko shuleni nako watamuuliza. Amejifunga kitambaa tangu Jumamosi. Hataki hata nimfumue."

Redio aligeuka kurudi nyumbani. Mwaka mzima wa binti ungepotea, na sababu ni mdomo wake. Asubuhi yake alikwenda moja kwa moja kituoni, akamweleza mratibu yote bila kuficha.

"Siku ya mafunzo ulisikia nini?" mratibu aliuliza.

"Nilisikia chai iko tayari."

Mratibu alijizuia kucheka, akashindwa. Kisha akavuta kiti karibu.

"Sikiliza, dada. Binti huyu ameulizwa mpakani. Ameulizwa kambini. Ameulizwa kila ofisi, na ilimbidi ajibu. Amekuja kwako apumzike, nawe ukamuuliza yale yale mbele za watu. Yaliyompata ni yake mwenyewe. Sisi hatuyaulizi. Akitaka kusema, atasema siku anayotaka yeye. Akikwambia, hayafiki saluni. Ila ukiona yuko hatarini, hapo uniambie mimi, papo hapo."

Machozi yalimtoka Redio. "Basi mpe mlezi mwingine. Mimi sifai."

"Ukimwacha sasa, utamuumiza zaidi. Watu wengi wamempotea. Siku yenu ni ipi?"

"Alhamisi, saa kumi."

"Nenda Alhamisi, saa kumi kamili. Omba msamaha. Asipofungua, rudi nyumbani, halafu Alhamisi nyingine uende tena. Mlezi kazi yake ya kwanza ni kufika siku aliyosema atafika."

"Niseme nini?"

"Maneno machache. Yasizidi vidole vya mkono mmoja."

"Mkono mmoja! Mungu wangu!"

"Mmoja. Na ukitaka kuuliza, uliza ya leo na ya kesho. Anataka nini? Aamue yeye."

Alhamisi saa kumi kamili Redio alibisha hodi. Alikuwa amefanya mazoezi mbele ya mume wake siku mbili.

"Nilikukosea, mwanangu. Sitarudia tena," alisema.

Mengine mia moja yalimjaa mdomoni. Aliyameza. Alisubiri. Kisha mlango ukafunguka kidogo, na binti akatokea na kitambaa chake kichwani. Alimtazama Redio, halafu mkoba wake wa kazi.

"Umalizie," alisema. "Lakini hapa. Na mlango tufunge."

Redio alisuka upande wa kushoto bila kuuliza lolote. Mdomo ulimwasha, lakini alivumilia. Binti alikuwa na kitabu cha hesabu mapajani. Baada ya muda mrefu aliweka kidole kwenye ukurasa.

"Hizi hesabu za nusu na robo sizielewi, na mtihani ni Jumatano."

"Hata mimi," Redio alijibu.

Binti aligeuka, akamtazama, akacheka. Redio naye akacheka mpaka chanuo likamponyoka.

"Mume wangu ni fundi bomba," Redio alisema. "Kila siku anakata mabomba, nusu mita, robo mita. Anazijua. Ungependa aje akufundishe? Kama hutaki, sawa tu."

Binti alifikiri. "Aje," alisema.

Kesho yake fundi bomba alifika na vipande vya bomba, akavipanga sakafuni. "Nusu hii, na robo hii. Ukiviunganisha unapata nini?"

"Robo tatu," alisema binti.

"Kumbe fundi!"

Mume wa Redio alikuja jioni nne. Jumatano ya mtihani, Redio alifunga saluni akampeleka binti. Njiani alimwambia, "Wakikuuliza jambo usilopenda, una ruhusa kusema sitaki." Kisha akakaa nje kwenye ngazi saa tatu nzima. Binti alifaulu. Alipangiwa darasa la wenzake wa umri wake.

Saluni maneno yaliendelea kama kawaida. Lakini benchi likiuliza, "Yule binti, ilikuwaje huko kwao?", Redio alijibu, "Hayo ni yake. Tuzungumze yetu." Wawili kati ya wanawake wale sita walikwenda kituoni, nao wakaandikwa kuwa walezi.

Siku ya kuandikishwa shule foleni ilikuwa ndefu. Binti alijaza fomu mwenyewe. Redio alisimama pembeni, mikono nyuma. Karani wa dirishani alisoma kwa sauti.

"Mtu wa kupigiwa simu ukiugua. Umeandika namba hii. Ni ya nani?"

"Yake," binti alisema, akimwonyesha Redio. "Shangazi yangu kiwandani hapokei simu."

"Na hapa kwenye uhusiano umeandika 'mtu wangu'. Mtu wako nani? Mama? Jirani?"

"Si mama," alisema binti. "Ni mtu wangu. Iandike hivyo hivyo."

Karani aliwatazama wote wawili, akagonga muhuri. Redio alilia pale pale dirishani, machozi tele, wala hakuona haya.

Binti alimshika mkono. "Mama, twende," alimnong'oneza. "Tunazuia foleni."