Konokono wa Mbwemkuru

Kisomanasaba kilishusha sindano yake ya mwanga juu ya jiwe, na jiwe likaanza kutaja ukoo wake. Mashine hiyo ya maabara ya visukuku, Lindi, ilikuwa imezima ubishi mwingi wa wasomi. Zamani walitazama gamba, wakakisia, wakagombana hadi uzeeni. Sasa ilitosha chembe ya protini iliyosalia humo. Mashine iliisoma, ikailinganisha na viumbe wote wanaojulikana, ikasema huyu ni wa nani.

Jiwe la leo lilikuwa konokono wa bahari ya kale, gamba lake la umbo la kawa, dogo la kufunika kikombe cha kahawa. Dkt. Somoe Nachinga alilichimba mwenyewe katika bonde la Mbwemkuru. Aliapa kwamba ikithibitika ni jenasi mpya, itabeba jina la Profesa Abeid Mkumba, aliyemsomesha tangu akiwa msichana. Profesa alikuwa anastaafu, na hakuna hata kidudu kimoja kilichoitwa kwa jina lake. Aliitamani heshima hiyo, maskini, hata kumtazama usoni kulitia huruma.

“Jenasi mpya,” mashine ikatamka. Profesa akavua miwani, akajifuta macho.

Mashine ikaendelea: juu ya gamba kulikuwa na mate ya binadamu wawili. Somoe akacheka. Wachimba visukuku na usomi wao wote huramba mawe, maana gamba likilowa mistari yake huonekana. Yeye aliliramba shimoni, Profesa akaliramba asubuhi ile, na tangazo la kukataza limebandikwa mlangoni. Akaiagiza mashine iyatenge mate hayo.

Mashine haina haya. “Yametengwa,” ikasema. “Uhusiano wa wawili hao: baba na binti.”

Lo! Somoe alidhani imekosea. Akaamuru isome upya, ikasema yaleyale. Baba yake alikuwa Bakari Nachinga, fundi mwashi aliyepasua kokoto mpaka viganja vikachanika ili yeye asome, na masika iliyopita alikata roho akimwita mwanangu. Akamgeukia Profesa, ambaye alikuwa akitazama sakafu.

“Ulijua?”

“Nilijua. Hata marehemu alijua. Alikubali nikusomeshe, kwa sharti nisikudai kuwa mwanangu.”

Miaka yote hiyo! Somoe alimwonea uchungu mama yake aliyezikwa na siri, akamwonea hasira huyu mzee aliyekula pilau la msibani kwao akiitwa mgeni. Zaidi ya yote alimlilia Bakari, aliyejua na bado akambeba mabegani.

Mashine ikadai jina la jenasi.

“Nachingela,” Somoe akasema.

Ikauliza ni kwa heshima ya nani.

“Baba yangu.”

“Baba aliyetambuliwa ni Abeid Mkumba. Sahihisha.”

“Baba yangu ni Bakari Nachinga. Andika hivyo.”

Mashine ikaandika, kisha ikasubiri. Kwa sheria za maabara, jina jipya halisimami mpaka mtaalamu wa pili aliridhie. Hapakuwa na mwingine chumbani. Profesa Abeid alisogea polepole, akalisoma lile jina lote, akaweka kidole chake kwenye kioo, akaridhia.