Kidole Gumba cha Milimita Tano

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Alhamisi, binti wa fundi cherehani aliwasha kompyuta namba tisa katika maabara ya chuo, akafungua folda yake, akaikuta tupu. Akachomoa flashi aliyoiacha hapo tangu jana, akaichomeka upya. Nayo tupu. Kiti kilianguka nyuma yake.

Fundi wa maabara alitoka chini ya meza ya tatu, alikokuwa akikaza waya. Wanafunzi walimwita Mama Bisibisi, kwa kuwa hakuonekana bila bisibisi mfukoni, na jina hilo lilimfurahisha kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Mama, kidole cha mama yangu kimefutwa," binti alisema.

Darasa lile lilifundisha kuchonga maumbo ya pande tatu kwenye kompyuta, kisha kuyachapa kwa plastiki. Miezi minne binti alikuwa akichonga kidole gumba cha bandia. Mashine ya kukatia vitambaa ilikula gumba la mkono wa kulia wa mama yake mwaka uliopita. Tangu hapo mama hashiki mkasi, na wateja wanahama mmoja mmoja. Saa tano asubuhi hiyo wageni wa hospitali wangekuja kuchagua kazi moja ya kutengenezwa kwenye karakana yao. Mama mwenyewe angekuwepo kukijaribu.

Moyo wa Mama Bisibisi ulianza kwenda mbio, na aliona haya kidogo kwamba zilikuwa mbio za furaha. Miaka kumi na tisa amekuwa akitafuta skrubu zilizodondoka. Leo alikuwa na mwizi.

"Usiguse kitu. Jana nani alitoka wa mwisho?"

Kabla binti hajajibu, mhadhiri alisimama mlangoni, koti limenyooka, akitazama huku na huku kama mgeni. Haikuwa ajabu. Tangu wiki ya kwanza ya muhula alikuwa amemwachia msaidizi wake kila kitu, na kilichobaki chake mle ndani kilikuwa bango ukutani: VIPIMO VYOTE KWA MILIMITA.

"Nimesikia mkikorogana," alisema. "Muulizeni yule jirani yake wa meza. Binti, pole, lakini asiye na kazi hana alama. Mimi nikajiandae, nina kazi yangu ya kuwaonyesha wageni."

Akaenda zake. Mama Bisibisi aliinamisha kichwa kwenye pipa la taka chini ya printa ya plastiki, akapekua, akainuka na kitu cheupe kwenye ncha ya kidole. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi. Kilikuwa na ukucha.

Binti alikitazama, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Ndicho. Mimi nachonga kwa sentimita, mama. Nimelelewa na futi ya kupimia nguo, siwezi kufikiri kwa milimita. Lakini printa inasoma namba tu. Ikiona tano inachapa milimita tano. Kabla ya kuchapa ni lazima nizidishe kwa kumi."

"Na huyu hakuzidisha."

Mama Bisibisi alifungua kumbukumbu ya printa. Jina halikuwemo, maana wote walitumia neno moja la siri. Muda ulikuwemo. Jumatano, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili jioni: urefu milimita tano, dakika nne. Saa kumi na mbili na nusu: umbo lilelile, urefu milimita sabini.

"Sabini?" binti alishangaa. "Ingekuwa hamsini."

"Tuliza moyo kwanza. Umbo lako bado limo humu. Chukua lile la kwanza, zidisha kwa kumi, chapa. Inachukua saa ngapi?"

"Mbili."

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Printa ilianza kunguruma.

Jirani wa meza aliitwa Kelele, kwa ajili ya muziki uliokuwa ukivuja kwenye visikilizio vyake. Aliingia akitokwa jasho. Mama Bisibisi aliandika 5 kwenye karatasi.

"Namba hii kwenye kazi ya jirani yako ni nini?"

"Sentimita tano, mama. Kila Jumanne anagombana na msaidizi juu ya hizo sentimita. Kwa nini unadhani navaa visikilizio?"

"Jana ulifunga saa ngapi?"

"Kumi na mbili kamili. Ufunguo nikautundika kwenye msumari, ofisi ya idara."

"Ambako yeyote wa idara anaweza kuuchukua. Sasa jasho la nini?"

Kelele alitazama viatu vyake. "Nilikunywa soda humu ndani. Ikamwagikia kibodi namba kumi."

Kwa siku nyingine Mama Bisibisi angemtafuna mzima. Leo alimpa kitambaa akafute.

Msaidizi alikuwa na sababu nzito zaidi ya kushukiwa. Alikuwa na ufunguo wake mwenyewe, na kila mtu alijua ameomba kazi hospitalini humohumo. Alionyeshwa ile namba.

"Sentimita," alijibu kwa uchovu. "Nimemwambia yule dada atumie milimita hadi koo limekauka. Mwisho nikamwambia sawa, ila usisahau kuzidisha kwa kumi."

Mama Bisibisi alibaki na ile punje kiganjani. Hawa wawili wangezidisha kwa kumi wakiwa usingizini. Mwizi alishtuka kuona kitu kidogo, akakikuza kwa kukisia tu, mara kumi na nne. Na mtu anayekisia ukubwa wa kidole ana kipimo gani karibu zaidi ya mkono wake? Aliutazama mlango, akalitazama bango ukutani, akachomoa bisibisi na kuirudisha mfukoni mara tatu bila kujua anafanya nini.

Saa tano kamili ukumbi ulikuwa umejaa. Wageni watatu walikaa mbele, na mama wa binti pembeni yao, mkono wake wa kulia umefunikwa na mtandio. Kwenye ukuta picha ya kidole gumba cheupe ilikuwa ikizunguka polepole.

"Kazi yangu ya mwaka mzima," mhadhiri alisema, akaweka kingine cha plastiki mezani.

Binti alisimama. "Hicho ni changu."

"Mwanafunzi akipenda kazi ya mwalimu wake, si vibaya. Faili lako liko wapi?"

"Mwalimu, samahani," Mama Bisibisi alisema akitokea nyuma. "Kina urefu gani?"

"Milimita sabini."

"Ulimpima nani?"

Mhadhiri alikohoa. "Mgonjwa."

"Basi mgonjwa huyu hapa. Mama, hebu kijaribu."

Mama alifunua mkono. Kidole kilimpwaya, kikadondoka, kikabingirika hadi mbele ya mhadhiri. Mgeni mmoja, daktari wa mifupa, alikiokota akakilaza kando ya gumba la mhadhiri. Vililingana hadi kwenye ukucha.

Mama Bisibisi aliweka ile punje mezani, akaeleza: sentimita, namba tano, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili. "Mtu aliyekanyaga maabara mara moja tu muhula huu angejua. Wote waliokanyaga walijua."

Mhadhiri alikaa. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Miaka sita sijachonga kitu. Programu zilibadilika, nikaona aibu kumuuliza kijana niliyemfundisha mwenyewe. Hospitali wakaniandikia, nami nikawaahidi. Jana nikapita mezani kwake, nikalichukua."

Msaidizi aliingia akikimbia kutoka maabara na kidole kingine, bado kina joto. Binti alimvisha mama yake. Kiliingia, kikakaa.

Mama alifungua mkoba akatoa mkasi, ambao kwa mwaka mzima alikuwa ameubeba bila kazi, na kipande cha gauni la mteja aliyekata tamaa. Akakata. Mstari ulikwenda umenyooka kutoka upindo hadi upindo, na ukumbi wote ulikuwa ukisikiliza mkasi.

Alipomaliza alikunja uso kidogo, akageuzageuza mkono.

"Kinabana hapa chini, mwanangu."

"Kiasi gani, mama?"

"Kama robo sentimita."

Binti alikuwa tayari amekwishatoa futi.