Mpira Ambao Kasmir Hakuukimbilia

Soko la Shahe halina adabu. Wauzaji wa Kichina hurusha mafurushi ya nguo kutoka ghorofani, na aliye chini ajijue mwenyewe. Asubuhi hiyo furushi la jinzi lilishuka kuelekea kichwa cha Kasmir, mfanyabiashara wa Moshi, shati limenyooshwa utadhani anakwenda kipaimara. Alisimama tu akilitazama. Dada mwenye koti la kijani, rasta kazifunga kwa kamba ya kiatu, aliruka akalidaka.

"Wewe, si ungesogea hata kidogo?"

"Na ningesogea upande mbaya?"

"Aki wanaume. Naitwa Kawira, na chai unanunua wewe."

Kawira alikuwa amecheza besiboli shuleni huko Meru, na sasa alinunua glavu na viatu vya kuuza Nairobi. Miezi michache baadaye walikuwa wapenzi, na jioni moja, chumbani kwa Kasmir mtaa wa Xiaobei, walikula wali kwa samaki huku kompyuta ikiwaonyesha takwimu za wadakaji wa Marekani.

"Huyu ndiye bora," Kasmir alisema. "Msimu mzima makosa mawili tu."

"Hesabu ya makosa ni ya wazee, mpenzi. Kosa unaandikiwa ukiufikia mpira ukauangusha. Usipoukimbilia, ukapita zake, unabaki msafi."

"Basi tuhesabu mipira aliyodaka."

"Nayo inadanganya. Kama haipigwi upande wake, atadaka nini? Siku hizi uwanja wanaugawa vipande, wanaangalia wenzake hudaka mingapi kwenye kipande kile, ndipo wanamlinganisha."

"Akiwapita mwezi huu?"

"Mwezi ni bahati. Mpe misimu mitatu ndiyo umjue."

"Na mimi ukinipima, malaika?"

"Wewe makosa huna," alicheka, akimpokonya kichwa cha samaki.

Kiangazi hicho cha 2009 polisi walijaa barabara ya Huanshi Zhonglu wakiwadai wageni pasipoti. Viza ya Kasmir ilikuwa imekwisha kitambo, naye hakumwambia mtu, Kawira akiwa wa kwanza kutoambiwa. Mwanamume aliyenyoosha shati vile atasemaje kwamba anajificha? Mchana akawa haonekani nje.

"Ibada inaanza, uko wapi?" Kawira alipiga simu Jumapili.

"Kichwa kinauma, mama."

Wiki iliyofuata alipiga tena. "Twende bandarini Huangpu, kontena langu linafungwa leo. Nataka uwepo."

"Nina mgeni."

"Mgeni wa kike?"

Kasmir alichungulia barabarani pembeni mwa pazia, simu sikioni.

"Sawa," Kawira alisema taratibu. "Hujawahi kunitukana, hujawahi kunifokea. Kosa huna hata moja. Lakini kila mpira wangu unapita ukiwa umesimama. Ijumaa narudi Kenya. Usinipigie."

Chumba kikabaki na feni, sahani mbili na glavu moja aliyoisahau Kawira juu ya kiti. Hatua zikisikika ngazini, Kasmir alizima redio, akakaa kitandani akisikiliza. Hakuna aliyegonga. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Ijumaa alinyoosha shati, akachukua glavu, akatoka juani kwenda uwanja wa ndege.

"Huzhao," askari alimwambia barabarani, kiganja wazi. Kasmir akatoa pasipoti.

Kituoni walimruhusu simu moja.

"Kawira, nimekamatwa. Sina viza tangu Machi. Hakukuwa na mgeni yeyote. Nilikuwa nakuja kwako."

"Ulifika wapi?"

"Hata basi sikupanda."

"Kwa hiyo mpira umeuangusha."

"Nimeuangusha."

"Unajua kwa ile hesabu ya vipande, aliyekimbia akakosa na aliyesimama wako sawa tu?"

"Najua."

"Basi hesabu yenyewe ina kasoro," Kawira alisema. "Uko kituo gani?"

Alifika na gauni la njano la safari na sanduku la magurudumu. Walipewa dakika chache, nondo za dirisha katikati.

"Watanirudisha Moshi," Kasmir alisema. "Na huku sitarudi tena."

"Moshi hadi Meru ni karibu kuliko Xiaobei hadi Huangpu, kwa jinsi ulivyokuwa unaishi wewe." Alifuta macho kwa ukingo wa mkono. "Misimu mitatu, Kasmir. Ukinikimbilia yote mitatu, lete wazee kwa baba."

"Na leo inahesabiwa?"

"Leo umeandikiwa kosa. La kwanza." Akatabasamu. "Glavu kaa nayo."

Alipoondoka, Kasmir alimfuata kwa ndani, dirisha hadi dirisha, glavu mkononi, mpaka ukuta ulipomkatalia.